Vijana wa gitaa kavu nao watunzwe

Mhariri,

Hivi karibuni msomaji mwenzangu aliandika kuwalalamikia vijana wanaoimba kwa gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kwenye mikahawa ya hapa Tanga. Alisema wanaanika siri za nyumbani mbele za watu, na kwamba huo si muziki, ni kilio kilichotiwa spika. Mimi ni mtu mzima, nimekulia kwenye taarabu ya Ngamiani, na maonyesho anayoyasema huwa nahudhuria. Naomba nafasi nimjibu.

Kulia hadharani hakukuanzishwa na watoto hawa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alimlilia mkewe Amina kwa shairi, na mpaka leo watu wanalisoma. Bi Shakila, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2016, alipitia vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa hapa mjini, akaimba machungu ya mapenzi ambayo kila nyumba iliyajua. Tofauti ni kwamba taarabu hufumba. Hukupitishia jambo kwenye ua, kwenye ndege, kwenye jahazi, na wewe mwenye lako unalipata. Binti niliyemsikia Chumbageni hakufumba. Aliimba kwamba baba yake yu hai, namba yake ya simu anayo, na kila akipiga haipokelewi. Wazee tuliokuwepo tulitazama sakafu.

Mafumbo nayapenda zaidi, sifichi. Na mashairi ya vijana hawa mengine hayajaiva: vina vinapotea ubeti wa pili, na neno moja linarudiwa mpaka linachosha. Hayo ni ya kufundishana. Lakini kama kuna wa kuona aibu katika wimbo ule, si yule aliyeshika gitaa.

Lalamiko langu mimi liko kwetu sisi wasikilizaji. Kwenye taarabu, wimbo ukikugusa unainuka. Unakwenda mbele kwa madaha, noti mkononi, unamtunza mwimbaji, na aliyekusudiwa kule nyuma anajua kwamba ndiye anayeambiwa. Tunzo lile lilikuwa malipo, na lilikuwa jawabu pia, maana mwimbaji alijua papo hapo ubeti gani umefika. Hawa vijana tunawakalia kimya kama tuko msibani. Tunawarekodi kwa simu, tunapiga makofi, tunaagiza chai nyingine, tunaondoka. Fedha ya chai ni ya mwenye mkahawa. Mwimbaji nimemwona akiomba nauli ya bodaboda ya kurudi Pongwe, gitaa mgongoni.

Yuko na mwenye ukumbi mmoja anayewataka waimbe kwanza nyimbo za redioni ili wateja wachangamke, zao wazitie mwishoni, viti vikishaanza kukunjwa. Nyimbo hizo za redioni zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka ruhusa yao zikipigwa hadharani. Mtunzi aliyekaa pale pale kwenye kigoda na wimbo wake mwenyewe, huyo ndiye wa bure.

Ninachoomba si kikubwa. Kila meza iwekwe karatasi yenye lipa namba ya mwimbaji, yake yeye, isiwe ya kaunta. Nasi tunaojua kutunza tuinuke tutunze kama tulivyozoea, hata kama hakuna fidla wala mwendo wa kuchezea. Kuna ugeni kidogo, nawatahadharisha. Nilipoinuka mimi, kijana wa watu aliacha kupiga, akidhani bibi huyu kaja kumfukuza; ilibidi nimtie noti mfukoni mwa shati na kumwambia, "Endelea, mwanangu, hapo hapo ulipofika." Akaendelea, na kutoka hapo sauti yake ikafunguka. Wenzangu wawili watatu wakanifuata, mmoja wao babu wa watu aliyekuja kwa kahawa tu.

Kwa wenye mikahawa nina neno jingine moja. Ile televisheni ya mpira iliyotundikwa juu ya kaunta izimwe vijana wakiimba, au angalau inyamazishwe. Siku Coastal Union ikicheza, basi onyesho lisogezwe kesho yake, maana siku hiyo hata mimi sitakuja.

Bibi mpenda taarabu,
Ngamiani, Tanga