Sindano Peke Yake Haimponyi Mjusi: Maelezo Kuhusu Bili Zetu

"Mjusi mwenyewe nimemnunua pauni 50, halafu ninyi mnanidai zaidi ya 200?" Maneno haya tumeyasikia mara nyingi kwenye kaunta ya kliniki yetu ya wanyama hapa Leicester, Uingereza, na juzi yamekuja kwa maandishi, yakiwa yameongezewa neno "wizi". Aliyeandika ni baba mmoja mwungwana, na tumeshaelewana naye kwa simu. Lakini wapo wengi wenye dukuduku kama lake ambao hawapigi simu, na familia zetu nyingi kutoka Afrika Mashariki sasa zinafuga pogona, yule mjusi wa Australia mwenye miiba kidevuni. Kwa hiyo tunaeleza kazi inavyokwenda na pesa inakoingia.

Baba huyu alimleta pogona aliyegoma kula, vidole vinatetemeka, miguu ya nyuma haimbebi. Alichotaka ni sindano moja. "Daktari, mchome tu ya nguvu, tuondoke." Tulimpima uzito, tukamgusa taya, ikabonyea. Taya ya mjusi mwenye afya haibonyei. Eksirei ikaonyesha mifupa iliyofifia na paja lililovunjika bila mtu yeyote nyumbani kujua. Huo ni ugonjwa wa mifupa unaoletwa na upungufu wa kalsiamu, na ndio unaotuletea pogona wengi zaidi hapa kliniki.

Chanzo chake kwa kawaida kiko kwenye taa anayowashiwa ndani ya kasha lake. Ngozi ya pogona hutengeneza vitamini D3 inapopigwa na mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila vitamini hiyo utumbo hauwezi kufyonza kalsiamu ya kutosha, hata umnyunyizie unga wake kwenye kila mlo. Damu ikipungukiwa, mwili unaichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Tukimchoma sindano ya kalsiamu leo, mtetemeko utatulia. Akirudi chini ya taa ile ile, mifupa itaendelea kuchotwa, na mwezi ujao atarudi kwetu akiwa na hali mbaya zaidi. Ndiyo maana swali letu la kwanza ni taa ilinunuliwa lini, na ndiyo maana tunawaomba mje nayo pamoja na picha ya kasha lote. Wengine huona tunawapotezea muda.

Taa ya baba yule ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Tuliiwasha mbele yake, tukaweka kipimo cha UVB chini yake, kikasoma karibu na sifuri. Mirija ya taa za UVB huishiwa mionzi kabla mwanga wake haujafifia, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 kutegemea aina, hata kama bado inawaka. Andika tarehe kwenye mrija siku unayoufunga. Na jua la dirishani halisaidii, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia UVB. Dada mmoja kutoka Coventry alimweka pogona wake dirishani kila asubuhi, kiangazi chote, na mjusi akapinda uti wa mgongo akiwa anaota jua. Alilia pale pale. Hakuwa mzembe hata kidogo. Duka lililomuuzia lilimpa taa ya joto peke yake na hakuna aliyemweleza tofauti.

Kinachotuumiza zaidi ni njia za mkato. Kuna matone ya vitamini D ya watoto wachanga, au mafuta ya samaki, ambayo mtu anampa mjusi akidhani anaokoa gharama. Pogona wengi tunaowaona hawafiki hata nusu kilo. D3 ikizidi mwilini, kalsiamu huanza kuganda kwenye figo na kwenye kuta za mishipa ya damu. Tuliwahi kupokea mmoja ambaye angetosheka na taa mpya na kalsiamu ya kinywani. Alipotufikia, figo zilikuwa zimeharibika. Bili yake ilizidi kwa mbali ile ambayo mwenyewe alikuwa anaikwepa, na hatukufanikiwa kumwokoa.

Halafu kuna kumlisha kwa nguvu. Mzazi akiona kiumbe hakili, mkono unakimbilia bomba la sindano na mboga zilizosagwa. Tunaelewa huruma hiyo, lakini mjusi hajitengenezei joto. Tumbo lake linasaga chakula pale tu anapopata joto kutoka nje: sehemu ya kuotea nyuzi 38 hadi 42, upande wa baridi nyuzi 22 hadi 26. Ukimjaza chakula mwili ukiwa baridi, kinachachia tumboni. Utaratibu wetu haubadiliki: joto kwanza, maji baadaye, chakula mwisho. Kwa hiyo mgonjwa mahututi hulazwa kwetu kabla hajapewa hata jani moja, na hicho ndicho kifungu cha bili kinachobishiwa kuliko vyote. "Kulala tu?" Hapana, halali tu. Anawekewa maji chini ya ngozi, anapimwa joto na uzito, na kuna mtu wa zamu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Na antibayotiki zilizobaki kabatini, nyingine zimesafiri sandukuni kutoka Dar es Salaam au Mombasa, tafadhali ziacheni huko huko kabatini. Dozi ya mjusi hupigwa hesabu kwa gramu za uzito wake, na mara nyingi anayeharisha ana koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) au minyoo, ambavyo antibayotiki nyingi za binadamu hazitibu. Kipimo cha kinyesi chini ya hadubini ni miongoni mwa vipimo vyetu vya bei nafuu, na ndicho wateja wanachopenda kukiruka.

Kuhusu chakula nitasema kidogo tu. Sukuma wiki ni nzuri, ina kalsiamu nyingi. Spinachi na mchicha zina oksaleti inayoifunga kalsiamu isifyonzwe, zisiwe mlo wa kila siku. Nyenje wapakwe unga wa kalsiamu kabla ya kuliwa.

Sasa pesa. Katika kila bili, asilimia 20 ya bei yetu huongezwa juu kama kodi ya VAT, nayo inakwenda serikalini. Miadi ya mjusi kwetu ni ndefu kuliko ya mbwa, kwa sababu tunakagua mnyama na makazi yake pia. Hatuongezi kipimo kisicho na kazi. Pogona mzima anayelala sana majira ya baridi huku uzito wake haushuki, tunampima kwenye mizani na kumrudisha nyumbani bila malipo. Na kama fedha ni ngumu, semeni mapema, kabla hatujaanza. Tutaanza na taa, joto na kalsiamu, vingine vifuate mkijaliwa.

Mkija, mleteni kwenye boksi lenye matundu pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo. Kinyesi kiwe cha siku hiyo hiyo, kwenye mfuko uliofungwa, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika kwa sababu mijusi hubeba bakteria wa salmonela. Akitetemeka au akishindwa kunyanyua kifua, msisubiri miadi. Pigeni simu, mje leo.