Kasi ya nusunusu ndiyo inayoumiza mashua Lamu

Ndugu Mhariri,

Malumbano kati ya manahodha wa mashua za tanga na waendesha boti za kasi katika mkondo ulio baina ya Lamu na Manda hayaishi, na kila upande umeshika lake. Wenye mashua wanataka boti zipunguze mwendo. Wenye boti wanajibu kwamba wamepunguza na bado wanatukanwa. La ajabu ni kwamba wote wanasema kweli: dereva amepunguza, na wimbi lake limekuwa kubwa kuliko kabla hajapunguza.

Boti ya injini ina mienendo mitatu, si miwili. Ikienda polepole, chini ya maili 5 za baharini kwa saa, hupasua maji na kuacha viwimbi tu. Ikikimbia kwa maili 18 au 20 huinuka na kuteleza juu ya maji, na wimbi lake huwa la chini. Balaa liko hapo katikati: omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, imenyanyuka hata dereva haoni njia, tezi, yaani sehemu ya nyuma, imezama, na injini inasukuma mlima wa maji ambao boti haijaweza kuupanda. Kwa boti yenye urefu wa mita 7 kwenye usawa wa maji, hali hiyo huanza kwenye maili 6 na nusu hivi na kuendelea mpaka kama 12. Sasa dereva anatoka uwanja wa ndege wa Manda kwa kasi, anaona mashua, anapunguza moto nusu kwa heshima, na anaangukia papo hapo kwenye mwendo mbaya kuliko yote. Wimbi likizidi kimo mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Na mbele ya mji wa Lamu halipigi mara moja tu: hugonga ukuta wa bahari likarudi, na vyombo vilivyofungwa hapo husagwa ubavu kwenda na kurudi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ama kasi kamili kwa mbali, ama polepole kabisa kwa karibu. Kukiwa na nafasi ya mita 150 au zaidi na maji ni ya kutosha, afadhali boti ishike mwendo wake wa kuteleza na kupita mbali. Ikibidi kusogea karibu zaidi, dereva aanze kupunguza akiwa mita 100 kabla, kidogo kidogo. Akikata moto ghafla, wimbi lake mwenyewe litamfuata na kumwagikia tezini, na boti iliyojaa abiria na mabegi nyuma huweza kujaa maji kwa njia hiyo. Asubiri mpaka omo ishuke na wimbi la nyuma limpite, kisha asogee kwa maili 5. Abiria wawili watatu wakihamia mbele, tezi hunyanyuka na wimbi hupungua zaidi. Akishaiacha mashua nyuma kwa mita 50, atie moto moja kwa moja bila kusitasita katikati.

Wanaosema hawana muda wa haya wapige hesabu. Mita 200 kwa maili 20 ni sekunde 19, kwa maili 5 ni sekunde 78. Tofauti haifiki dakika moja. Ndege haimwachi mtu kwa dakika moja. Ikimwacha, kosa ni la aliyechelewa kutoka hotelini.

Upande wa pili, dereva wengi wa boti hawajui mashua inafanya nini, na hili ndilo linalozaa hatari kubwa kuliko wimbi. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, chombo kinachotoka mjini kwenda kijiji cha Shela kinakwenda mbisho, yaani kinakata mshazari kutoka ufuo mmoja hadi wa pili. Dereva anaona tanga linaelekea Manda, anadhani mashua inavuka, anaamua kupita nyuma yake kwa karibu. Ghafla inageuka. Na tanga la foromali (mti mrefu unaoshikilia tanga) halipinduliwi kama matanga ya boti za Kizungu. Mara nyingi nahodha hupindua kwa kuupa upepo tezi: chombo huanguka upande wa demani, unakokwenda upepo, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti, kisha chombo hupanda tena joshi, unakotoka upepo. Mzunguko huo unakula maji mengi kuelekea unakokwenda upepo, mahali hasa ambapo dereva alidhani ni salama. Dalili zipo kwa anayetazama: mtu anakwenda omo kushika kamba ya chini ya foromali, kamba ya kuvutia tanga, nayo huitwa demani, inalegezwa, mabaharia waliokaa upande wa joshi wanahamia ndani. Ukiona hivyo, simama, usibahatishe.

Usikatize mbele ya mashua hata kama nafasi inaonekana. Upepo ukiwa mdogo, wimbi moja la ubavuni hulitikisa tanga likamwaga upepo wote. Chombo kikikosa mwendo, usukani haufanyi kazi, na mkondo wa maji unakichukua. Upepo ukiwa nyuma, kama kurudi mjini kutoka Shela, ni vibaya zaidi. Wimbi huinua tezi, usukani hutoka majini, omo huvutwa pembeni, na upepo hulipiga tanga kwa upande usio wake na kulibana kwenye mlingoti. Hapo ama mlingoti unavunjika ama chombo kinalala. Mashua iliyobeba mchanga, ubavu wake ukiwa shubiri moja tu juu ya maji, haihitaji hata hayo yote ili kujaa.

Lakini wenye matanga nao wasijifanye mabwana wa bahari. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, zinazotumika tangu 1977, zinasema katika kanuni ya 18 kwamba chombo cha injini kinapisha chombo cha tanga. Hiyo wote wanaikariri. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni hiyohiyo inakitaka chombo cha tanga kimpishe mvuvi aliye na wavu majini, au kwamba anayempita mwenzake kwa nyuma ndiye anayepisha, awe na tanga au injini. Katika njia nyembamba, chombo cha tanga hakitakiwi kukizuia chombo ambacho hakina maji ya kupita pengine. Maji yakipwa, jahazi zito lililojaa shehena haliwezi kukwepa fungu la mchanga kwa ajili ya mashua ya watalii. Na anayepishwa ana wajibu wake: ashike njia yake na mwendo wake. Kupindua mbele ya boti iliyokwisha kuanza kukupisha ni kumvunjia hesabu. Kama ni lazima upindue, nyoosha mkono mapema kuelekea unakokwenda, na subiri uone omo ya boti imeshuka.

Kisha kuna hawa wa matembezi ya jioni, tanga juu na injini inanguruma nyuma. Mashua inayosukumwa na injini ni chombo cha injini, tanga liwe limejaa upepo au limepambwa kwa ajili ya picha. Haina haki ya kupishwa kama chombo cha tanga, na mchana inatakiwa kuning’iniza omo umbo jeusi la pia (koni), ncha ikiangalia chini. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kushona kitu kidogo hivyo. Wasipokiweka, dereva wa boti hana namna ya kujua, na ugomvi wa nani ampishe nani unaanza kwa udanganyifu.

Usiku, habari ni fupi. Mashua iliyo chini ya mita 7 ikishindwa kuweka taa za pembeni, iwe angalau na tochi nyeupe mkononi, na imulike tanga lake mapema. Kitambaa cheupe chenye mwanga huonekana mbali kuliko tochi yenyewe. Boti iwe na nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe ya kuzunguka iliyo juu ya turubai, si chini yake. Na taa kali za kumulika mbele zizimwe vyombo vinapokaribiana: nahodha aliyemulikwa usoni huchukua dakika nyingi kabla macho yake hayajazoea giza tena.

Ugomvi wa nanga nao una sababu yake. Maji na upepo vikipingana, jahazi lenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu hufuata maji, na boti nyepesi hufuata upepo. Vimefungwa mita 10 mbali, saa sita baadaye vinagongana, na kila mmoja anaapa hakusogea. Boti zitie nanga pamoja na boti, majahazi pamoja na majahazi. Kamba ipimwe kwa maji kujaa: mahali penye mita 2 wakati wa kupwa, bamvua (maji makuu) huongeza mita 3, ongeza mita 1 ya urefu wa omo, jumla 6, zidisha kwa 5, unahitaji mita 30. Wenye mashua, kamba za plastiki zinazoelea mnazoacha majini ndizo zinazonasa rafadha (pangaboi za injini) za watu. Fungeni jiwe au kipande cha chuma mita 2 chini ya boya, kamba itazama yenyewe.

Ombi langu kwa mamlaka ya bahari nchini, KMA, na serikali ya kaunti ni dogo. Yawekwe maboya ya manjano yaliyoandikwa 5, mawili kila mwisho wa sehemu ya mji yenye ukuta wa bahari, na mawili mbele ya Shela. Kibao chenye kasi hiyohiyo kipigiliwe kwenye gati za Manda na Mokowe, upande wa bara, mahali abiria anapokisoma kabla hajapanda, kwa sababu dereva husikiliza zaidi anayemlipa. Minyororo ya maboya ikatwe kwa kina cha bamvua na ziada ndogo tu. Ikiwa mirefu mno, maji yakipwa boya litatangatanga mpaka katikati ya njia, na tutakuwa tumeongeza kitu kingine cha kugongana nacho.

Msomaji wako,
Lamu