Mashindano ya baiskeli ya wanawake yatangazwe wiki nane mapema

Mhariri,

Mashindano ya baiskeli yanapotangazwa hapa Malindi, mbio za wanaume huelezwa zote: zinaanzia wapi, zinageuzia wapi, ni kilomita ngapi, zawadi ni gani. Za wanawake huwa sentensi moja mwishoni. Siku ikifika, huanzishwa wanaume wakishamaliza, saa nne asubuhi, lami ikiwa imekwisha kufukuta. Dada wanne watano wakiacha njiani, watazamaji husema baiskeli si kazi ya mwanamke.

Sisi ni mafundi na wakufunzi wa baiskeli, na hukumu hiyo hatuikubali. Anayeacha njiani huwa ameshindwa wiki kadhaa kabla, na kinachomshinda karibu kila mara ni kitu cha kupimika: siti, upepo wa tairi, maji, au kutojua amejitayarishia umbali gani. Ombi letu kwa waandaaji wote, wawe viongozi, wafanyabiashara au vijana wa mtaa, ni kwamba mbio za wanawake zitangazwe wiki nane kabla, kwa umbali na njia kamili, na zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Wiki nane si idadi ya kubuni. Anayeweza kwenda kilomita 20 bila kusimama anaweza kushindana kilomita 40 baada ya muda huo, akipanda siku nne kwa wiki. Siku moja ni ya safari ndefu: kilomita 25, wiki ya pili 28, ya tatu 32, ya nne ashuke hadi 24 mwili upumue, kisha 36, 40 na 44. Wiki ya nane ni ya kupunguza. Siku ya pili ni ya vipande: dakika nne kwa nguvu kiasi kwamba huwezi kusema zaidi ya maneno mawili matatu, kisha dakika tatu taratibu, mara nne. Kuanzia wiki ya tano, mara tano. Siku mbili zilizobaki ni za mwendo mwepesi wa dakika 45 hadi saa nzima, mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Wengi huharibu hapa. Hupanda kila siku kwa mwendo wa katikati, usio mwepesi wala wa nguvu, na baada ya wiki tatu miguu huwa mizito na kasi haijaongezeka hata kidogo.

Miguu nayo ifunzwe kuzunguka. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likifika 20 hadi 22, uko kwenye mizunguko 80 hadi 88 kwa dakika, na hapo ni pazuri. Anayesukuma gia nzito kwa mizunguko 55 atawatangulia wenzake mpaka Msabaha, kwenye njia ya Gede, na kurudi mjini atarudi na magoti yanayouma.

Sasa siti, maana hapo ndipo tunapoona madhara makubwa kuliko pengine popote. Baiskeli nyingi wanazopanda kina dada ni za kaka au za baba, na siti imeshushwa hadi chini kabisa ili miguu yote miwili ifike ardhini wakati wa kusimama. Kwa safari ya sokoni haina neno. Kwa kilomita 40, goti hubaki limekunjika muda wote na maumivu huja mbele, chini ya kifupa cha goti. Dawa ni kujifunza kusimama kwa kushuka mbele ya siti na kuweka mguu mmoja chini, kisha siti ipandishwe mahali pake. Kipimo ni hiki: simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya miguu ukivute juu hadi kikaze, upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 76 atapata 67, na hizo ndizo sentimita kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayozungukiwa na mikono ya pedali, hadi juu ya siti, ukipima sambamba na bomba la siti. Jaribu. Ukiona kiuno kinayumba kushoto na kulia, au maumivu yanakuja nyuma ya goti, shusha milimita tano. Usibadilishe zaidi ya hapo kwa siku moja, na usiguse chochote wiki ya mashindano.

Upana wa siti ni jambo la wanawake hasa, kwa sababu mifupa ya kukalia kwa kawaida huwa imeachana zaidi kuliko ya wanaume. Kalia kipande cha boksi la katoni juu ya kiti kigumu, inama mbele kidogo, kisha pima kutoka katikati ya bonde moja hadi la pili. Ongeza sentimita mbili, na huo ndio upana wa kutafuta. Pua ya siti iwe sawa na ardhi au iiname kidogo sana; ikielekea juu, ganzi na michubuko haikwepeki. Bukta ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Ivuliwe mara tu safari inapoisha na kufuliwa siku hiyo hiyo. Majipu ya makalioni huanza kwa bukta yenye jasho iliyokaliwa saa nzima barazani.

Mavazi yasiwe kisingizio cha kumzuia mtu. Dera, leso na buibui haviendi na cheni wala spoku, hilo halina mjadala. Vikinaswa humwangusha mtu kichwa mbele. Lakini suruali ndefu ya kubana juu ya bukta ya sponji, na juu yake shati jepesi la mikono mirefu linaloshuka hadi mapajani, humsitiri mwanamke na humkinga na jua pia. Mtandio uwe mwembamba wa kunyumbuka, usio na pini hata moja, na nywele zifungwe chini kisogoni ili helmeti isiinuke. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Masomah Ali Zada, mkimbizi kutoka Afghanistan, alikimbia mbio za kupimana na saa za kilomita 22.1 akiwa amefunika nywele chini ya helmeti.

Baiskeli yenyewe huku kwetu ina adui wawili, chumvi na mchanga. Cheni iliyoachwa nje usiku mmoja karibu na bahari huamka na kutu. Ifute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, zungusha pedali kwa dakika moja, kisha futa mafuta yote yaliyobaki nje. Oili chafu ya gari hushika mchanga, na mchanga huo husaga meno ya gia. Kujua kama cheni imekwisha, pima kutoka katikati ya pini moja hadi ya ishirini na tano: ikiwa mpya ni milimita 304.8, na ikifika 307 ibadilishwe, la sivyo itaruka kwenye meno wakati ule ule unaposimama kwenye pedali kukaza.

Upepo wa tairi hukosewa pande zote mbili. Anayejaza hadi tairi liwe jiwe hurushwa kwenye kila kokoto na huchoka mikono. Anayeacha laini hupata pancha ya matundu mawili yanayokaribiana, rimu ikiwa imeubana mpira kwenye ukingo wa shimo. Mwenye kilo 60 kwenye tairi la milimita 28 ajaze kati ya PSI 65 na 75 kwenye geji, gurudumu la mbele pungufu kidogo kuliko la nyuma. Na kila pancha itafutwe sababu kabla ya tyubu mpya kuingia. Mwiba wa mbigiri ukibaki ndani ya tairi, tyubu ya pili haifiki kilomita moja. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitakapokwama ndipo mwiba ulipo. Kila mshindani aweze kufanya kazi hii peke yake ndani ya dakika kumi, asingoje fundi wa kiume amkute kando ya barabara.

Kuhusu chakula tutasema machache. Kula saa mbili au tatu kabla: uji, ndizi, mkate au hamri moja na chai, bila bajia wala viazi vya mafuta. Njiani kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa, mafunda madogo kila dakika kumi. Kinywaji cha nyumbani kinatosha kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko kumi vya chai vya sukari, robo kijiko cha chumvi, na ndimu. Madafu tunayapenda sote na yana potasiamu tele, lakini chumvi inayotoka na jasho hayairudishi ya kutosha, tia kidogo. Anayefunga Ramadhani afanye vipande vyake baada ya futari, na safari zake za mchana ziwe nyepesi na fupi, karibu na magharibi.

Hedhi haizuii kushindana. Kinachotutia wasiwasi ni ikikatika miezi mitatu mfululizo kwa binti asiye na mimba: mara nyingi anafanya mazoezi mengi na kula kidogo ili awe mwepesi, na mifupa yake inalipa. Huyo apunguze mazoezi, aongeze chakula na aende kwa daktari. Mkufunzi anayeona aibu kuuliza jambo hili hafai kufunza wanawake.

Tulisema njia itangazwe mapema, na sababu ni upepo. Barabara ya kutoka Malindi kwenda Gede inaelekea kusini-magharibi. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo hutoka upande wa bahari na kumpiga mwendeshaji ubavu wa kushoto, mara nyingine kwa mbele. Anayetaka kujikinga nyuma ya mwenzake lazima akae nyuma kidogo na kulia kwake, na kulia ndiko katikati ya barabara, ambako matatu zinapita. Wakirudi, upepo huo huo huwa mkono wa kulia kutoka nyuma, na kinga huwa kushoto, upande wa ukingo. Kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye safari ya kwenda, na hapo ndipo pikipiki za usalama na askari wa trafiki wanapohitajika zaidi, ijapokuwa mara nyingi hupangwa wote kwenye mstari wa mwisho kwa sababu ndipo penye wageni waalikwa. Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, hesabu hubadilika: kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kunakomaliza watu. Anayejua njia na msimu hujua aweke nguvu zake wapi.

Kujikinga huko kunaokoa robo ya nguvu au zaidi, kwa hiyo kufunzwe. Anza watu wawili, mita mbili baina yao, kisha mita moja, kisha nusu. Macho yatazame mabega ya aliye mbele, yasitazame gurudumu lake. Gurudumu lako la mbele lisipitane ubavuni na la nyuma la mwenzako: yakigusana, yeye huendelea na wewe huanguka. Anayeongoza aoneshe shimo kwa mkono na asifunge breki ghafla.

Kuna waandaaji wanaofupisha mbio za wanawake hadi kilomita tano au kumi wakidhani wanawahurumia. Mbio fupi namna hiyo hazimwachi mtu nyuma. Kundi zima hufika mwisho likiwa pamoja, wengi hawajafunzwa kwenda bega kwa bega, na wote wanakaza kwa wakati mmoja. Ndipo watu wanapoangukiana. Kilomita 40 huwatawanya kwanza. Wanawake walianza kugombea ubingwa wa dunia wa barabarani mwaka 1958 mjini Reims, Ufaransa, na Olimpiki iliwafungulia mlango 1984, Los Angeles. Mwaka 2025 Kim Le Court wa Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège za wanawake nchini Ubelgiji, zaidi ya kilomita 150 za vilima, na Septemba mwaka huo mashindano ya dunia yakaletwa Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kilomita tano kwa mwanamke wa Malindi zinatoka wapi?

Yamebaki madogo ambayo si madogo. Baiskeli nzito za mamba zisishindanishwe na za mitumba zenye gia. Ziwe mbio mbili, hata kama zawadi ni ndogo. Maji yatolewe mahali pa kugeuzia, kwenye chupa na si kwenye vikombe. Breki za kila baiskeli zikaguliwe jioni ya kuamkia mashindano, ili mwenye kasoro apate usiku wa kuirekebisha. Na choo cha wanawake kiwe karibu na mstari wa kuanzia, kifunguliwe kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kiwe na maji, na mwenye ufunguo awepo.

Mafundi na wakufunzi wa baiskeli,
Malindi