Mwanaisha, usiiruke hio mada ya konfoma

Shoga yangu Mwanaisha,

Salama huko Eldoret? Baridi haijakumaliza? Huku Mombasa ni joto tu, na umeme ukipotea ndio balaa, hata feni hamna. Voisi yako nimeiskiza yote, unasema konfoma (yaani pozi tofauti za molekuli ile ile, bondi zikizunguka tu) ni kuchora viti, yale maumbo ya pete ya kaboni, mpaka mkono uchoke na huoni faida yake. Hapo nakataa kabisa shoga, hii ndio mada naipenda kuliko zote kwenye kemia ya kaboni.

Shika hili kwanza: bondi moja kati ya kaboni mbili huzunguka. Kwa ethani, molekuli ya kaboni mbili na haidrojeni sita, haidrojeni za mbele zikizifunika za nyuma nishati inapanda kama kilojuli 12 kwa moli, zikipishana inashuka, na kwa joto la kawaida hizo 12 si kitu, molekuli inajizungusha mabilioni ya mara kwa sekunde. Kila pozi hapo ni konfoma na hakuna bondi iliyokatika.

Saikloheksani, pete ya kaboni sita, sasa ndio utamu. Sachse, Mjerumani, alisema tangu 1890 kwamba haiwezi kulala bapa, watu wakampuuza miaka na miaka, mpaka Hassel wa Norwe na Barton wa Uingereza wakaja kulithibitisha na kuonyesha kazi yake, wakapewa Nobel 1969. Juzi nikikanda chapati nilichukua madonge sita ya unga na vijiti vya meno nikaunda pete yenye umbo la kiti, ncha moja juu na ya pili chini; vijiti vya haidrojeni vingine vilisimama wima (juu au chini), vingine vikatoka pembeni, na vile vya wima nikavipaka rangi nyekundu ya kucha. Ukishusha donge la ncha moja unapata umbo la mashua, halafu pandisha la ncha ya pili, kiti kimerudi lakini vyekundu vyote sasa viko pembeni! Fanya hivyo kwa mkono wako, kitabu hakitakuonyesha vizuri hivyo. Ukiweka methili (kundi la CH3) badala ya haidrojeni moja, kama asilimia 95 ya molekuli utazikuta methili imekaa pembeni, sababu ikisimama wima inagongana na haidrojeni mbili za upande ule ule.

Faida? Haya chukua mentoli, hio hio ya peremende na dawa za kikohozi. Makundi yake matatu, OH, methili na isopropili (kundi la kaboni tatu), yote yako pembeni, imetulia raha mustarehe. Sasa toa ile OH weka klorini, halafu mwagia besi kali ili itoke HCl. Klorini haitoki mpaka iwe wima na haidrojeni ya jirani iwe wima upande wa pili, kwa hio kloridi ya menthili inalazimika kugeuza kiti kizima, isopropili na methili zote zisimame wima, taabu tupu, ndio maana inakwenda polepole. Ndugu yake, kloridi ya neomenthili, klorini yake iko wima tangu mwanzo, na kasi yake ni kama mara 200 ya ile ya menthili. Atomi ni zile zile, bondi ni zile zile, tofauti ni klorini ilielekea wapi!

Na hospitali pia imo. Ritonavir, dawa ya Ukimwi, ilikuwa sokoni tangu 1996, na 1998 ikaanza kutoka kiwandani fuwele ya aina nyengine ambayo molekuli zake zimejikunja kivyake, ikawa haiyeyuki vizuri, dawa haifiki mwilini inavyotakiwa, ikabidi kapsuli zake zitolewe sokoni waitengeneze upya. Wagonjwa wa kweli hao Mwanaisha, na molekuli ni ile ile. Mimi nikifikiria hilo siwezi kumwambia mwanafunzi yeyote aruke mada hii.

Kwa mtihani wako anza na makundi makubwa, yaweke pembeni, kisha ndio uulize ni lipi linatakiwa lisimame ili mmenyuko uende. Chora viti vyote viwili kila mara, hata kama swali limetaka kimoja. Halafu nipigie picha mchoro wako wa neomenthili unitumie leo usiku, nataka kuona isopropili umeiweka wapi.

Wako,
Zuhura