Mzee wa chumba cha mwisho

Shoga yangu Mwanaidi,

U hali gani? Watoto? Shemeji? Halua ya Mama Riziki ilifika, ikaisha siku hiyohiyo, na usiniulize nani aliimaliza.

Najua nimekunyamazia mno. Leo nimekuja na shida, na nusu yake ni ya shemeji.

Ile kazi yangu ya kujitolea, ya kuwatetea wazee wa kwenye makao hapa Minnesota, imeniletea lalamiko la baridi. Sheria ya Marekani haina mafumbo: makao yaliyoidhinishwa baada ya Oktoba 1, 1990 lazima ndani yawe na joto la nyuzi 71 hadi 81 za Farenhaiti, yaani kama 22 hadi 27 zetu. Nikaenda bila taarifa, kipimajoto mfukoni. Chumba cha mwisho, upande wa kaskazini: 64. Mzee yuko kitandani na koti na kofia ya sufu, soksi kazivaa mikononi. Mikononi, shoga!

Meneja (ana hita yake chini ya meza, nimeiona) ananiambia themostati, kile kidude kinachoiwasha na kuizima boila ya kupasha nyumba joto, inasoma 73. Nikaifuata. Imepigiliwa kwenye korido, kando ya mlango wa jikoni! Wakiwasha majiko, boila inadhani nyumba nzima imepata joto, inajizima.

Ungedhani yamekwisha. Mzee kaning'ang'ania: nisimtaje, watamhamisha. Nikamwambia kumhamisha kwa kumkomoa ni kosa kisheria. Akacheka tu. Na sisi bila idhini yake haturuhusiwi kumfichua. Sasa nikisema "chumba cha mwisho", si nimeshamtaja?

Nawaza nipime vyumba vyote vya upande ule, niripoti nilichokiona mwenyewe. Au jambo lipitie baraza la wakazi, maana uongozi hauwezi kulikalia kimya. Ila mwenyekiti wa baraza... ah, huyo ana barua yake. Zile soksi hazinitoki kichwani.

Muulize shemeji: kuhamisha themostati ni kazi kubwa, au meneja atanizungusha tu? Lazima boila izimwe? Na wewe huko Leicester, wazee wako wakiogopa kusema unawafanyaje? Ulipolalamikia ile lifti, walikutazama vipi baadaye? Na ni kweli Mama Riziki anahamia Kisauni?

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku ninayorudi kule.

Wako,
Rukia