Pwani ya Ufaransa si ya matajiri peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hapa mwezi uliopita kwamba mapumziko ya ufukweni ni mambo ya wazungu na matajiri, na kwamba sisi tulioko nje tukituma picha za bahari tunawaringishia tu ndugu zetu. Sijui kama picha zangu zilimfikia, lakini niliposoma nilijiona nimetajwa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Nantes, nafanya usafi hospitalini. Mume wangu ni Mkongo wa Bukavu, mji wa kando ya Ziwa Kivu, anapakia mizigo ghalani. Tuna watoto watatu. Kiangazi kilichopita tulikaa siku 26 kwenye pwani ya Ufaransa, tukaanzia Cancale upande wa kaskazini na kumalizia karibu na Arcachon, na hata usiku mmoja hatukulala hotelini.

Tulilala kwenye hema. Hema lenyewe tulilinunua kwa mtu, limeshatumika, na vigingi sita havikuwamo, jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Usiku wa kwanza upepo ulitoka baharini saa nane, mume wangu akabaki ameshikilia kamba ya kona mpaka alfajiri, amevaa koti la mvua na pajama. Asubuhi mzee wa Kiholanzi wa hema la jirani alikuja kimya, akatuwekea mfuko wa vigingi virefu vya mchangani, akarudi kwenye kahawa yake. Picha niliyotuma nyumbani siku hiyo ni ya watoto wanacheka ufukweni. Ya baba yao na kamba sikuituma, na pengine hapo ndipo kosa langu lilipo.

Kitu ambacho msomaji yule hakijui, na mimi pia sikukijua mpaka nilipofika huku, ni kambi za halmashauri. Vijiji vingi vya pwani ya Ufaransa vina uwanja wa nyasi uliogawanywa vipande vipande, una vyoo, mabafu ya maji moto, safu ya masinki ya kuoshea vyombo, na kibanda ambapo mtumishi wa halmashauri anakuandika daftarini na kukuonyesha pa kusimamisha hema. Si mahali pa kifahari. Tulipopita sisi, watu watano na gari, hatukulipa zaidi ya yuro 28 kwa usiku. Na wiki moja tulichangiwa na mfuko wa serikali unaosaidia familia za kipato kidogo, maana huku hata safari ya watoto kwenda baharini inahesabiwa kuwa haja. Wala Wafaransa hawakuzaliwa na likizo mkononi. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa Juni 1936, wafanyakazi wakiwa kwenye migomo mikubwa, nayo ilikuwa ya wiki mbili tu. Leo ni tano.

Penye masinki ndipo mume wangu alipopata marafiki. Jioni utawaona wanaume wamepanga foleni, kila mmoja na beseni lake la sahani chafu, wakipiga soga. Alirudi ananiambia, "Mama watoto, hapa hata mkubwa wa kazi anaosha sahani." Nikamwambia vizuri, basi hiyo tabia tutarudi nayo Nantes. Haijarudi.

Cancale ni mji wa chaza. Pale chini ya gati wanakufungulia kwa kisu, wanakutilia limau, unakaa kwenye ngazi unakula mbichi, na magamba unayatupa papo hapo ufukweni, ambako yamejaa meupe kama kokoto. Mimi nilikula sita. Mume wangu aliangalia upande mwingine. Mtu wa ziwani yule. Samaki kwake lazima awe amekaangwa mpaka amekauka.

Bahari ya kule ilinishangaza hata mimi niliyekulia pwani. Tanga bamvua likija, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni mita nne hivi. Kwenye ghuba ya Mont-Saint-Michel, karibu na hapo, bamvua kubwa huweza kupita mita 13. Maji yakipwa unatafuta bahari kwa macho huioni. Kila kibanda cha mapokezi kinabandika karatasi yenye saa za maji na namba ya nguvu yake, kuanzia 20 mpaka 120. Sikuhitaji kufundishwa. Namba ikipita 95 nilijua ni bamvua, ikiwa 40 ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na mwezi juu ulikuwa unasema vilevile unavyosema kwetu.

Tukitoka hapo tulizunguka mkoa huo wa Bretagne kwa siku kumi na moja. Kuna njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari kwa takribani kilomita 2,000, iliyokanyagwa zamani na askari wa forodha waliokuwa wakivizia magendo. (Mtu wa Tanga akisikia forodha na magendo hahitaji kutafsiriwa.) Tulitembea vipande vyake tu, mtoto mdogo akiwa mabegani. Siku moja njia ilipita mbele ya jumba kubwa la mtu, kati ya ua lake na majabali, mimi nikasita. Binti yangu mkubwa, darasa la sita, akanivuta mkono: "Mama, hapa ni pa watu wote." Alikuwa amefundishwa shuleni. Ni kweli. Tangu 1976 mwenye kiwanja kinachopakana na bahari anatakiwa aache mita tatu watu wapite, na sheria ya Januari 1986 inakataza majengo mapya ndani ya mita 100 kutoka majini, isipokuwa sehemu ambazo tayari ni mji. Wapo wanaobishana nayo mahakamani kila mwaka, na pwani ya kusini kulikojaa mahoteli ya mabilionea ni hadithi nyingine. Lakini tulipita, na mwenye jumba alikuwa anamwagilia maua, akatusalimia.

Mahali nitakapopakumbuka zaidi ni Gois, kule Vendée. Ni barabara ya kilomita nne na ushee inayokwenda kisiwa cha Noirmoutier, na kila maji yakijaa barabara yote inazama. Daraja lipo tangu 1971, ila watu bado wanapenda kupita chini. Mlangoni kuna ubao wa saa za kupita: saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, saa moja na nusu baada yake, basi. Katikati wamesimika minara ya mbao, ili ukikamatwa na maji upande ukae juu usubiri, huku gari lako ukiliaga.

Maji yalipopwa, magari yaliegeshwa topeni pande zote mbili, na watu wakashuka na ndoo na reki ndogo kuokota kombe, wale wa magamba mawili wanaojificha mchangani. Nilivua viatu. Miaka kumi na tisa sijaokota kombe, lakini jicho lilijua: matundu mawili madogo yaliyokaribiana kwenye mchanga, unachimba na kidole, yupo. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyotufundisha, akiwa ameinama, kanga kaifunga kiunoni. Bibi mmoja wa Kifaransa aliyekuwa jirani yetu aliitazama ndoo yangu, akatoa rula ya plastiki yenye matundu ya vipimo, akampa mwanangu wa kati. Kombe asiyefikia kipimo anarudi mchangani. Mwanangu alisimama pale kama afisa wa forodha, akapima mmoja mmoja, akanirudishia karibu nusu ya ndoo baharini. Wakati huo mume wangu alikuwa barabarani na saa mkononi: "Mama, tuende. Maji iko narudia." Kwenye ziwa la kwao maji hayana mambo ya kwenda na kurudi. Usiku tulipika kombe kwa tui la kopo na pilipili, na hakuna aliyeangalia upande mwingine.

Siku za mwisho tulikuwa Pilat, karibu na Arcachon, kwenye kilima cha mchanga chenye mita 100 hivi kwenda juu. Huko moto wa msituni wa Julai 2022 ulizikumba kambi tano, na mpaka sasa ukiwasha hata kiberiti karibu na misonobari watu wanageuka. Tulikula mkate na dagaa za kopo.

Sasa niseme kilichonikaa. Mwaka juzi nilikuja Tanga, nikawachukua watoto kuwaonyesha njia tuliyokuwa tukipita na makapu kwenda kuokota kombe. Njia ilikuwa imefungwa. Kuna ukuta wa matofali, juu vipande vya chupa, na mlinzi ambaye kwa adabu kabisa aliniambia, "Samahani dada, huku ni kwa wageni." Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ukuta ule, kwa hatua zangu, haukufika 20. Basi msomaji mwenzangu, kama ufukwe umekuwa wa matajiri, tumuulize aliyejenga ukuta na aliyempa kibali. Na madiwani wa miji ya pwani nawaomba jambo dogo: kipande kimoja cha nyasi, bomba la maji, vyoo vinne na njia ya kushuka baharini. Mahema watu watakuja nayo.

Desemba tunakuja kumsalimia bibi yao. Mwanangu wa kati ameshaiweka rula begini, anasema atapima kombe wa Tanga. Habari ya ukuta ameisahau, nami sijamkumbusha.

Msomaji wako,
Mama wa watoto watatu,
Nantes, Ufaransa