Shukrani kwa aliyetukandia unga wa kufinyangia

Wewe uliyetuletea unga wa kufinyangia darasa la awali bila kuacha jina, asante sana. Kipimo ni chenyewe: unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta kijiko 1, maji pungufu kidogo ya kikombe, yakitiwa kidogo kidogo. Yakimwagwa yote kwa mpigo, unga hunata vidoleni na watoto huususa. Chumvi huchelewesha ukungu, ingawa mwenye mchubuko itamwasha. Kubwa zaidi, hukuweka mfano wa kuiga. Walimu wengi huharibu hapo: mtoto akiona nyoka wa mwalimu, naye hufinyanga nyoka. Vifuniko vya chupa na vijiti ulivyoweka pembeni vimetosha. Wanachapa duara, wanahesabu, wanabishana kipi kirefu. Mungu akuzidishie.